Alama Nyekundu Haikusogea

Wakubwa wa karakana wameniomba niwaandikie nyinyi vijana mambo niliyoyaona tangu nilipoanza kushika waya hadi nilipokabidhi funguo mwezi uliopita. Walitaka kurasa chache za kubandika ukutani, karibu na pale tunapotundika kofia. Nadhani walitegemea mafunzo na shukrani. Mafunzo yapo. Shukrani mtazitafuta wenyewe humo katikati. Na mnijue mapema: mimi ni mtu wa kushuku. Nashuku waya mpya, nashuku aliyeiuza, na mteja akiniambia "hatukugusa kitu" naanza kutafuta alama za vidole. Tabia hiyo imenilisha na kunipa sifa, halafu ikamharibia kazi mtu ambaye hakuwa na kosa. Mtu huyo ni fundi Idi. Wengi wenu mmelisikia jina lake likitajwa kwa ubaya hapa Kamembe. Ubaya huo niliuanzisha mimi, na nataka mjue ulivyoanza.

Nilijifunza kazi kwa Mzee Saidi, aliyekuwa na kibanda cha kutengeneza redio nyuma ya soko. Alikuwa ametoka Bukavu, ng'ambo ya mpaka, na mkebe mmoja wa vifaa na majivuno ya kujaza lori. Mama yangu alinipeleka kwake nikiwa msichana, kwa sababu nilikuwa nimefungua redio ya nyumbani mara tatu na mara ya tatu ikanyamaza kabisa. Mzee Saidi aliitazama mikono yangu, akamtazama mama.

"Huyu mutoto anaharibuka redio," akasema. "Muache hapa, aharibu zenye zimeisha kufa."

Siku ile ya kwanza nilikalishwa juu ya debe, nikapewa rundo la nyaya na chuma cha moto. Kazi yangu ilikuwa kuvalisha. Waya laini ina nyuzi nyingi nyembamba za shaba ndani yake, na ukikata ncha, nyuzi hizo hutawanyika. Mzee Saidi alizisokota kwa vidole, akazipitishia lehemu, ile risasi laini inayoyeyuka ikiguswa na chuma cha moto. Zikapoa zimeshikamana, ncha moja ngumu inayong'aa. Hiyo ndiyo aliyoiita kuvalisha. Kwake yeye, waya ambayo haijavalishwa haikuingia popote, iwe ndani ya redio, iwe kwenye taa ya sebuleni.

"Unaacha waya uchi?" alikuwa akinifokea. "Bageni bakuye baione hivi?"

Nilichoma vidole siku hiyo hata wali ukanishinda kula kwa mkono. Lakini baada ya miezi michache ncha zangu ziling'aa kuliko zake, na yeye mwenyewe alikubali, ingawa alikubali kwa kukohoa tu. Mafundi wote tuliopita kwake tulijulikana kwa ncha hizo. Ukifungua soketi yoyote ya zamani Kamembe ukakuta ncha inang'aa, ujue mtu wa Mzee Saidi alipita hapo. Nililionea fahari jambo hilo maisha yangu yote ya kazi.

Redio zilipoacha kuleta wateja nikahamia kwenye kufunga umeme wa nyumba. Huko nilikutana na watu wanaoshuku kuliko mimi. Nilikuwa nikifika na ngazi begani, mwenye nyumba anachungulia nyuma yangu kuona fundi mwenyewe yuko wapi. Mmoja alinikaribisha, akanipa chai, akaketi kusubiri nimwambie mume wangu atafika saa ngapi. Kila taa ikizima kwenye nyumba niliyoifunga, kosa lilikuwa langu hata kabla sijaitwa. Kwa hiyo nikabuni ulinzi wangu. Nilinunua chupa ya rangi nyekundu ya kucha, na kila skrubu niliyoikaza niliichora mstari mmoja mwembamba, uanze juu ya kichwa cha skrubu na kumalizikia kwenye plastiki iliyo pembeni yake. Mtu akiizungusha skrubu hata kidogo, mstari unakatika. Nikirudi na kuukuta umekatika, nilijua mwenye nyumba ananidanganya. Nimekamata waongo wengi sana kwa kichupa kile. Wanawake sokoni walidhani napenda kujipamba.

Kisha yakaja magari ya umeme. Kwanza tuliyacheka, baadaye tukayafungia maboksi ya kuchajia nyumbani, na wakubwa wakanipa mimi kazi hiyo kwa sababu eti nina uvumilivu. Ukweli ni kwamba hakuna mwingine aliyeitaka. Jambo la kwanza nililojifunza, nalo mlishike, ni kwamba gari halifanani na kitu chochote tulichowahi kukilisha umeme nyumbani. Pasi inawaka na kupoa. Birika linachemsha dakika tano na kunyamaza. Gari linavuta ampea thelathini na mbili bila kupumua, saa sita mfululizo. Kila palipo na udhaifu kidogo, gari litapaona. Hamtaona chochote dakika kumi za mwanzo. Subirini nusu saa, kisha pitisheni kipimo cha joto kwenye kila kiungo, kimoja kimoja, kuanzia mita hadi kwenye mdomo wa chaja. Palipo na joto kuliko majirani zake ndipo penye ugonjwa. Ukiona boksi lote lina joto sawasawa, uliza limefunikwa na nini. Nimekuta maboksi yamevikwa vitambaa vya kufuma, maua na jina la bibi harusi, kama tunavyovika televisheni. Ukikitoa kitambaa, mgonjwa anapona, na mama mwenye nyumba ananuna.

Mteja mwingine alichajia gari lake kwa waya ya kuunganishia iliyozungushwa kwenye kigurudumu cha kuihifadhia, akafungua mita mbili tu za kulifikia, zilizobaki zikakaa zimeviringana pale chini. Waya iliyojiviringa haina pa kutolea joto. Tulipoikuta ilikuwa imeyeyuka na kuwa donge moja. "Hatukugusa kitu," akasema, na safari hiyo ilikuwa kweli. Kama angeigusa akaikunjua, isingeungua.

Kesi iliyonijaza kiburi ilikuwa ya Muganza, kwa bwana mmoja mwenye malori ya mawe. Boksi lake lilikuwa likizima mara kwa mara. Aliniapia kwamba kwenye laini ile hakuna kitu kingine ila gari. Nikamwambia sawa, nikaomba maji ya kunywa, na alipoingia ndani nikainama kutazama sakafu ya banda. Kulikuwa na vidoa vyeusi vidogo vidogo kwenye saruji, cheche zilipodondokea. Alikuwa ameunganisha mashine ya kuchomelea vyuma vya malori kwenye boksi la gari. Alipotoka na maji nikamwomba anionyeshe mashine. Alitazama vidoa, akanitazama, akacheka kwa aibu. Nilirudi Kamembe nikijiona siwezi kudanganywa na binadamu. Ndiyo hali niliyokuwa nayo nilipoitwa kwa Maman Furaha.

Maman Furaha ni mfanyabiashara wa viatu, mtu wa Bukavu aliyehamia upande wetu na mume wake. Wanavuka mpaka karibu kila siku. Mimi ndiye niliyewafungia boksi la kuchajia, ukutani mwa banda la gari, na lilifanya kazi vizuri kwa miezi mingi. Siku aliyonipigia alikuwa na hasira, lakini si juu yangu.

"Maman fundi, banda yangu iko nanuka samaki," akasema. "Ni jirani. Anakaangaka sambaza asubui na mangaribi, njo harufu inaingia huku. Na ile machine yako sasa inazima yenyewe. Sijue ni mafuta yake inaingia mu waya?"

Jirani aliitwa Maman Zawadi, na kweli alikaanga sambaza, dagaa wa ziwani, za kuuza. Kwa wiki mbili walikuwa wakigombana juu ya harufu hiyo, hata wakaacha kusalimiana. Hapo mimi nikajua kabla sijafika. Vijana, shikeni na hili: plastiki ngumu ya soketi na vishikizo vya waya ikianza kuungua hunuka samaki. Si moshi, si mpira, ni samaki kabisa. Mkiambiwa nyumba inanuka samaki na hakuna sufuria jikoni, zimeni umeme kwanza, salamu baadaye.

Nilizima, nikafungua. Waya moja ilikuwa imelegea kwenye kishikizo chake, pale inapoingia na skrubu kuikandamiza. Plastiki ya pembeni ilikuwa imegeuka kahawia. Niliivuta waya kwa vidole viwili tu, ikatoka. Nikachomwa moyo, kwa sababu nyuma ya ukuta ule kuna chumba cha watoto wa nyumba ile. Kisha nikatazama mstari wangu mwekundu kwenye skrubu.

Mstari ulikuwa umenyooka. Haukukatika. Skrubu ile haikuwa imezungushwa tangu nilipoichora.

Ningekuwa mtu wa akili ningeketi chini papo hapo na kujiuliza waya inalegeaje chini ya skrubu ambayo haijasogea. Badala yake nikauliza, "Nani alikuja hapa baada yangu?"

"Ni Idi," akasema Papa Furaha, mume wake. "Alitufungia pompi ya maji. Alifungula kesi ya pembeni." Kesi, kwa lugha yao, ni boksi.

Idi nilimjua. Alikuwa na umri wa kuwa mdogo wangu wa mwisho, fundi wa Kamembe kama mimi, tuliswali sala ya sikukuu uwanja mmoja. Hakupita kwa Mzee Saidi. Alijifunza kwingine, na ncha zake hakuzivalisha. Alizibana kwa koleo ndani ya vikopo vidogo vya shaba, kazi ya sekunde tatu, bila chuma cha moto, bila jasho. Mimi niliuita uvivu, na niliwahi kumwambia hivyo mbele ya watu kwenye duka la vifaa. Alicheka tu. Kicheko kile sikukisahau.

Nikajipangia hadithi nzima nikiwa nimesimama pale na bisibisi mkononi. Idi alifungua boksi langu, akalegeza waya ili mimi nionekane sifai, akanunua rangi nyekundu kama yangu, akachora upya. Mnaona jinsi mtu wa kushuku asivyokosa jibu? Ushahidi uliomtetea Idi, mimi niliugeuza kuwa ushahidi wa ujanja wake.

"Basi ni yeye," nikasema. "Huyo alilegeza."

Niliyasema mbele ya Maman Furaha na mume wake. Maman Zawadi naye alikuwa amesimama kwenye lango na beseni lake, kwa sababu aliponiona naingia alitaka kusikia kama samaki zake zitaachiwa huru.

"Mie nilisemaka!" akapaza sauti. "Bananitukana wiki mbili juu ya sambaza, kumbe ni fundi Idi alitaka kubaunguza!"

Alikuwa na haki ya kufurahi. Akaenda sokoni na beseni, na kila aliyenunua sambaza siku ile alipewa habari ya Idi pamoja nazo. Mimi nikakata ncha iliyoungua, nikaivalisha upya vizuri sana, nikakaza, nikachora mstari, nikaondoka.

Siku chache baadaye Idi alikuja nyumbani kwangu, mchana, amevaa shati la kutokea. Binti yangu Asha alimletea kiti, hakukalia.

"Maman Asha," akasema, "bantu banasema nilitaka kuchoma nyumba. Banasema ni weye ulisema. Miye sikukamata kesi yako hata siku moja. Nilifungula ya pembeni, ya pompi. Yako niliiona na ile alama yako nyekundu, nikaogopa hata kuikaribia."

"Nani mwingine aliifungua?" nikamuuliza.

"Sijue. Lakini haiko miye."

"Kila fundi husema hivyo."

Nilimwona amekasirika, na hasira yake nikaihesabu kuwa dalili. Angekuja anatabasamu, tabasamu ningelihesabu vilevile. Akaweka kiti mahali kilipokuwa, akamuaga Asha, akatoka.

Baada ya hapo kazi zilimkimbia. Nyumba ya wageni iliyokuwa imempa kazi ya vyumba vyote ikamwambia asubiri, kisha ikamchukua mwingine. Waliomwita kubadilisha taa walisimama nyuma yake wakitazama mikono. Mke wake alipokutana nami sokoni alivuka njia. Kabla ya mvua kuanza nikasikia Idi ameondoka Kamembe, yuko Muganza anapakia mifuko ya simenti kwenye malori. Na nitawaambia nilichojisemea nilipoyasikia hayo, maana nimeamua kuandika yote. Nilijisemea: asiye na kosa hakimbii.

Kesi iliyonifumbua macho ilikuwa ya Mibirizi. Maman Speciose ni muuguzi mstaafu anayeishi peke yake juu ya kilima, na gari lake dogo alinunuliwa na wanawe. Kwa jinsi nilivyokuwa nimeumwa na mambo ya Idi, kwake nilifunga boksi ndani ya kisanduku cha chuma, nikatia kufuli, na ufunguo nikaondoka nao mimi. Pacha wake niliutupa chooni. Kwa hiyo duniani hakuna mtu aliyeweza kuifungua kazi ile ila mimi.

Akanipigia. "Maman fundi, kintu yako inawaka nusu saa, inazima. Halafu inanuka."

"Inanuka nini?"

"Inanuka samaki. Na miye leo ni mboga tu nilipika."

Nilipanda Mibirizi asubuhi hiyohiyo. Kufuli lilikuwa zima, lenye vumbi. Hata hivyo nilimuuliza, kwa mazoea, "Nani alifungua hapa?"

Yule mama aliweka miwani yake sawa. "Funguo uko nayo weye," akasema. "Unauliza miye?"

Nikafungua. Harufu ikanipiga. Mstari mwekundu ulikuwa umenyooka vilevile kama kwa Maman Furaha, na waya ilikuwa inacheza kwenye kishikizo chake. Niliitoa, nikaishika kwenye mwanga. Ile ncha yangu nzuri ya lehemu ilikuwa imebonyea na kutandazika, kama ukoko wa ugali uliokanyagwa. Skrubu haikurudi nyuma. Waya ndiyo iliyokimbia skrubu.

Niliketi kwenye ngazi ya mlango. Maman Speciose aliniletea maji na kunishika kifundo cha mkono kupima mapigo, kwa sababu ndiyo kazi aliyoijua. Sikuweza kumwambia ninachoumwa. Niliona aibu kiasi cha kutaka kulia, na nilikuwa namwona Idi amesimama uani kwangu na shati lake la kutokea.

Lakini msidhani nilikubali siku hiyo. Tabia ni tabia. Njiani nikirudi nilikwisha kumpata mwenye kosa mwingine: muuza lehemu. Lazima aliniuzia bandia. Nikanunua lehemu mpya katika duka jingine, na nikamwagiza mtu aniletee nyingine kutoka Bukavu. Nyumbani nikafunga vishikizo vinne kwenye ubao, kila skrubu na mstari wake mwekundu. Viwili nikatia ncha nilizozivalisha, kwa lehemu tofauti. Kimoja nikatia waya uchi kabisa. Cha mwisho nikatia waya yenye kikopo cha shaba, nilichokibana kwa koleo kama afanyavyo Idi. Nikapitisha umeme mkubwa kwa kutumia majiko mawili ya umeme, mchana kutwa, siku baada ya siku, nikizima na kuwasha. Asha alilalamika kwamba nyumba imekuwa tanuri.

Kabla ya wiki mbili kwisha, ncha zote mbili za lehemu zililegea. Mistari yote minne ilibaki imenyooka. Waya uchi ilikuwa imara. Ile yenye kikopo haikutikisika hata nilipoivuta kwa koleo.

Basi mlijue vizuri, kwa sababu baadhi yenu nimewafundisha mwenyewe kuvalisha: lehemu ni laini. Ukiikandamiza kwa skrubu inaondoka polepole, na ikipata joto inaondoka haraka. Kwenye redio na taa hakuna joto la kuifanya iondoke, ndiyo maana Mzee Saidi alikufa bila kujua, na mimi nikazeeka bila kujua. Gari ndilo lililotuumbua. Waya inayokwenda chini ya skrubu isivalishwe. Vikopo vya shaba, koleo la kubania, bisibisi yenye kipimo cha nguvu, kisha rudini baada ya mwezi mmoja mkaze tena. Kuanzia siku hiyo nilipita nyumba zote nilizofunga, moja baada ya nyingine, nikakata ncha zangu zote. Nyingine zilikuwa bado zinang'aa na kuvutia macho. Nilizikata zikidondoka ndani ya mfuko, na kwa kweli iliniuma, kwa sababu nilikuwa nakata kitu pekee nilichojivunia.

Nyumba ya Maman Furaha niliiacha ya mwisho, maana sikutaka kwenda peke yangu. Nikashuka Muganza kumtafuta Idi. Nilimkuta kando ya lori, kichwa kimefunikwa gunia, kope zake nyeupe kwa simenti. Alinisalimia kwa adabu, na adabu ile ilikuwa nzito kwangu kuliko tusi. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama kwenye vumbi, watu wanapita na mifuko katikati yetu. Hakuonyesha furaha.

"Utasema mbele ya bale bantu?" akauliza.

"Bale bale."

"Na Maman Zawadi akuwe pale."

"Atakuwa."

Alinawa kwenye ndoo, akanawa tena. Simenti ilibaki kwenye mikunjo ya vidole. Tukaenda.

Niliwakusanya uani kwa Maman Furaha, yeye na mume wake, na Maman Zawadi nikamwita mwenyewe kutoka jikoni kwake. Nilizima umeme, nikafungua boksi, nikawaonyesha waya ambayo ilikwisha kuanza kulegea tena, ile niliyoivalisha upya mbele yao. Nikawaambia kwa lugha yao bila kuzunguka. "Idi hakukamata hapa. Miye njo nilikosa. Kazi yangu njo ilitaka kubaunguza, na nilimusingizia."

Maman Zawadi alimtazama Idi, akaitazama mikono yake, akahamishia beseni upande mwingine. Kisha Maman Furaha akanisogelea na kuteremsha sauti, kwa huruma kabisa, kama mtu anayetaka kunisaidia.

"Maman fundi, bamekupatia nini, juu useme hivi?"

Nikamwambia hakuna mtu aliyenipa kitu. Akatikisa kichwa polepole. Nilikijua kichwa kile. Ni changu. Nilikuwa nikiwatikisia wateja vilevile waliponiapia kwamba hawakugusa. Nikamwonyesha waya tena, nikamweleza lehemu inavyokimbia, na kadiri nilivyoeleza ndivyo alivyozidi kumtazama Idi, akitafuta amenitisha kwa kitu gani.

Papa Furaha alikuwa mpole. "Tumesikia, Maman. Aksanti. Lakini tuko na fundi mungine sasa," akasema, na akaenda kutufungulia lango.

Nje, Idi ndiye aliyezungumza kwanza. "Umesema," akaniambia. "Basi." Akashuka kutafuta gari la kumrudisha kazini, kwa sababu lori la mchana lilikuwa linamsubiri.

Tangu hapo nimeyarudia maneno yale kwa kila aliye tayari kusikiliza: sokoni, kwenye duka la vifaa, kwa mwenye ile nyumba ya wageni. Uongo niliusema mara moja, kwa sentensi fupi, na hakuna aliyeniuliza swali. Ukweli nimeusema mara nyingi na kila mara naulizwa nani amenituma. Wengine wanasema nimezeeka. Wengine wanasema Idi amenifanyia dawa. Ndiyo sababu niliwaambia wakubwa kwamba kurasa hizi nitaziandika, ila hawataondoa jina la mtu yeyote humo, langu wala lake.

Nyinyi bado mnaaminiwa na watu, kwa hiyo nawaomba nyinyi. Kazi ya maboksi inaongezeka na mnasema hamna mikono ya kutosha. Idi yupo Muganza, kituo cha kupakia, zamu ya asubuhi. Nendeni mkamwite. Wateja watawauliza kama ndiye yule. Wajibuni kwamba ndiye, kisha mumpe bisibisi mbele yao.